Bei ya Trekta Lililoganda

Kila Jumamosi, nikishaosha vyombo na kufagia uwanja, nilikuwa na kazi moja ambayo watoto wengine wa mtaa wetu hawakuwa nayo, nayo ni kutunza trekta. Halikuwa letu. Lilikuwa la Mama Mkubwa, dada yake mama, ambaye nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu. Marehemu Baba Mkubwa alilinunua likiwa tayari limezeeka, akalilimia miaka mingi, na pampu yake ya dizeli ilipovunjika akaliegesha nyuma ya nyumba akisema atalitengeneza wiki ijayo. Wiki hiyo ilichukua miaka minne, kisha mwenyewe akafariki. Trekta likabaki pale pale, jekundu lililopauka, na kiti cha chuma chenye matundu kama chujio.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Nilitakiwa kung'oa majani yaliyoota kwenye magurudumu, kufuta vumbi, na kuhakikisha kopo lipo. Bomba la moshi la trekta lile lilisimama wima juu ya injini, mdomo wake ukiangalia mbinguni, na Baba Mkubwa alikuwa amelifunika kwa kopo kubwa la maziwa ya unga ili mvua isiingie. Mama Mkubwa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na kutoka mlangoni kwake aliliona trekta kama kivuli tu. Ndiyo maana aliniuliza kila mara, "Spana, kopo lipo?" nami nikajibu, "Lipo, Mama Mkubwa." Jina la Spana nilipewa na mafundi wa gereji ya baba kwa ajili ya wembamba wangu. Nilinuna wiki nzima, kisha nikalizoea.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyojitia kitanzi mwenyewe. Mvua zilipokaribia, shuleni ulizuka mchezo wa kutembea juu ya makopo. Unatoboa kitako cha kopo matundu mawili kwa msumari, unapitisha kamba, unasimama juu ya kopo huku umeshika kamba, unakwenda. Mimi nilikuwa na kopo moja, na mtu hashindani kwa mguu mmoja. Siku ya mashindano nikalipandia lile la trekta, nikalitoboa. Nikashika nafasi ya pili, na jioni ile ile nikalirudisha mahali pake.

Ukisimama chini huoni kitu. Kopo limekaa kichwa chini, kitako juu, kama siku zote. Nilijiambia matundu ni madogo, matundu ya msumari yanaingiza nini? Wiki hiyo hiyo mvua ikaanza, ikanyesha usiku na mchana, wiki tatu. Jumamosi zote tatu Mama Mkubwa aliniuliza kama kopo lipo, nikamjibu lipo. Na kweli lilikuwepo. Huo ndio uongo nilioupenda, kwa sababu ulikuwa umevaa nguo za ukweli.

Mvua zilipokatika, daktari wa macho akamwambia Mama Mkubwa kwamba ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Akichelewa, jicho la kushoto halitarudi. Upasuaji ulihitaji milioni moja, naye hakuwa na kitu cha kuuza ila trekta. Mnunuzi wa vyuma chakavu alishafika, akalipigapiga teke, akasema atatoa laki nne kwa uzito wake. Baba akamwambia shemeji yake asubiri, kwani anamfahamu mwalimu mmoja mstaafu anayefufua mashine za zamani kama wengine wanavyofuga njiwa. Akampigia simu, akamweleza kuwa pampu imevunjika na trekta haliwaki, lakini injini yake inazunguka. Kiangazi kilichopita baba mwenyewe alikuwa ameizungusha kwa mkono mmoja.

Mimi nilikuwa ninakula. Nikayakumbuka matundu yangu, nikaliweka tonge chini.

Mwalimu alikuja asubuhi ya Jumapili, mzee mrefu, kofia mkononi. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, jambo lililonizidishia mashaka. Mama Mkubwa aliwekewa kiti kivulini. Baba alitoa chaki yake. Huko kwetu watu wakitaka kuuziana mashine ya zamani humwita yeye aikadirie, na sharti lake ni moja tu: mnunuzi na muuzaji wasitaje bei mpaka amalize kuikagua. Kilicho kizima hukitia alama ya vema, kilichoharibika hukitia mkato, na asichokijua hukizungushia duara. Alikuwa na msemo wake kwamba duara linakula bei kuliko mkato, maana kitu kibovu unajua utakitengeneza kwa shilingi ngapi, lakini usichokijua hakina mwisho.

Wakaanza nyuma kuja mbele. Gia, vema. Breki, vema. Matairi ya mbele, mkato. Pampu ya dizeli, mkato mkubwa, na Mwalimu akacheka kwamba hiyo alishaisikia kwenye simu. Nilikuwa nimeshika kopo la chaki na kitambaa, sina pa kukimbilia. Upande mmoja ukuta wa nyumba, upande wa pili ua wa miiba, mbele yangu baba. Nilitamani mama aniite jikoni. Hakuniita.

Baba akachomeka hendeli, chuma cha kuizungushia injini kwa mkono, mbele ya injini, akakaza mkono. Hendeli haikusogea. Akatema mate viganjani, akaishika kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka. Haikusogea hata kidogo. Mwalimu alijaribu naye, kisha akarudi nyuma kwa adabu akajifuta mikono, na adabu ile ilimchoma baba kuliko matusi.

Baba akafungua nozeli ya kwanza, kile kipuli kinachopulizia dizeli ndani ya silinda, akafunga kitambaa kwenye waya na kuutumbukiza ndani ya silinda. Kikatoka kimelowa maji ya kutu, mekundu kama chai iliyokolea.

"Maji yamepitia wapi?" alijiuliza. Akatazama juu. "Kopo lipo. Spana, wewe ni mwepesi. Panda uliangalie, zima au lina kasoro?"

Nilipanda. Nilikanyaga gurudumu, nikakanyaga boneti, nikafika. Matundu yangu mawili yalinitazama, na ukingo wa kila moja ulikuwa umeshika kutu. Hapo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu. Chini yangu palikuwa na baba ambaye ametia jina lake rehani mbele ya mgeni, na Mwalimu aliyenyanyua uso kunisikiliza, na ulimi wangu ukaenda kule ulikokwisha kuzoea.

"Zima, baba."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa bomba la moshi.

Baba alishusha pumzi. Akaeleza taratibu, akimtazama shemeji yake, kwamba kama maji hayakupitia juu basi yametoka ndani. Tena rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, ilikuwa imepungua maji. Maana yake silinda imepasuka, na kwa umri wa trekta lile silinda nyingine haipatikani. Akachora duara kubwa kwenye ubavu wa injini, kubwa kuliko alama zote. Kisha akataja bei. Laki tano. Vyuma chakavu na heshima kidogo juu yake.

Mama Mkubwa hakulia. Aliuliza tu kama laki tano zinaweza kutosha jicho moja. Mwalimu alisema anasikitika, lakini kwa injini iliyopasuka hawezi kuongeza, na kweli asingeweza. Akaingiza mkono mfukoni.

Baba akanigeukia. "Spana, una hakika ulikuwa unakuja hapa kila Jumamosi? Hukuruka hata moja?"

Kabla sijafumbua mdomo, Mama Mkubwa akadakia, "Shemeji, mtoto huyu usimguse. Mvua ilikuwa inamwaga, na yeye anakuja. Kila wiki ananijibu. Watu wazima wote wa ukoo huu wamenichoka kwa maswali, yeye hajanichoka."

Ningechapwa fimbo ningevumilia. Ningetukanwa ningejibu. Lakini kusifiwa vile, mbele ya uongo wangu, kulinishinda. Niliona kwamba nikinyamaza sasa nitanyamaza maisha yangu yote, kila nikimwona anapapasa ukuta kutafuta mlango. Nilipanda tena, safari hii bila kutumwa. Nikalichomoa kopo, nikashuka, nikamwekea mapajani.

Vidole vyake vililizunguka kopo, vikafika kwenye kitako. Kimoja kikaingia kwenye tundu la kwanza kidogo, kikatoka, kikalipata la pili.

"Nililitoboa mimi," nikasema. "Kabla ya mvua. Kwa ajili ya mchezo wa makopo. Nilikuwa nakujibu lipo, na lilikuwa hivi hivi. Na sasa hivi nimemdanganya baba."

Nililia, sijui tangu saa ngapi. Baba alilichukua kopo, akalinyanyua kuelekea jua, akayatazama yale matundu kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili. Nilikuwa nangoja kofi. Badala yake aliniuliza swali la fundi: mvua ilianza siku ngapi baada ya mimi kutoboa? Nikamwambia ilikuwa wiki ile ile. Akahesabu kwa vidole, akamgeukia Mwalimu, na uso wake ulikuwa na aibu na matumaini kwa pamoja.

"Haijapasuka," alisema. "Ni maji ya mvua, na hayajamaliza miezi miwili. Kutu bado ni changa. Nipe siku kumi, Mwalimu. Ikikataa kuzunguka, bei yangu ni ile ile ya laki tano."

Mwalimu alikubali, akavaa kofia yake. Mama Mkubwa aliingia ndani bila kuniambia neno.

Siku zile zilikuwa ndefu. Baba alikausha maji, akachanganya dizeli na oili, akanionyesha namna ya kumimina kwenye kila silinda kupitia tundu la nozeli. Kazi hiyo ikawa yangu kila siku baada ya shule. Namimina, nasubiri, nakamata hendeli, naning'inia kwa uzito wangu wote, ambao si mwingi. Haisogei. Kesho tena. Mama Mkubwa alikuwa anakaa mlangoni kwake, akinisikia nikihema, na haniulizi chochote. Nyumbani baba aliongea na mimi habari za oili tu. Nilipita njia ile ile kwenda na kurudi kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, na usiku niliota hendeli.

Siku ya saba nilianza kuamini kwamba nilisema ukweli bure, kwamba nimeshachelewa. Siku ya nane baba alikuja mwenyewe, akajaribu, akatikisa kichwa, akaongeza oili. Siku ya tisa niliishika hendeli, nikajiachia, na kitu ndani ya chuma kikasema *tik*. Hendeli ikashuka upana wa kidole. Nilidhani ni mkono wangu umeteleza. Nikairudisha juu, nikashuka nayo tena, ikaenda upana wa vidole vitatu. Sikupiga kelele. Nilikaa chini kwenye matope ya oili nikamwita baba kwa sauti ya kawaida, mara mbili, mpaka akaja mbio akidhani nimeumia.

Mwalimu aliporudi, aliizungusha injini mwenyewe duru nzima. Baba alifuta duara lake kwa kitambaa. Akataja bei mbele ya wote wawili: milioni moja na laki mbili, amekwisha kutoa gharama ya pampu, matairi, na kazi ya kusafisha kutu. Mwalimu alimtazama Mama Mkubwa, Mama Mkubwa akaitikia kwa kichwa, wakapeana mikono.

Nilidhani yameisha. Mwalimu akaniita, akainama mpaka macho yetu yakalingana.

"Mimi nimefundisha miaka thelathini na tano," alisema, "na siku ile ulinitisha. Ungenyamaza, ningeondoka hapa na macho ya huyu mama ndani ya gari langu, kwa laki tano, nikalale usingizi mzuri. Ningekuwa nimeiba na nisijue. Baba yako angekuwa amenisaidia kuiba, na asijue. Uongo wako ulikuwa mdogo, sawa na tundu la msumari. Lakini ungetuchafua wote watatu, na sisi wawili tusingepata hata nafasi ya kutubu."

Baba alikohoa. Akasema na yeye ana lake. Fundi mzima alikadiria kwa mdomo wa mtu jambo ambalo angeweza kuliona kwa macho yake, ilhali ngazi ilikuwa gereji. "Ukweli nusu hautoi bei ya haki," aliniambia. "Si ya trekta, wala ya kitu chochote. Mkosaji akisema mapema, kosa lina dawa. Akilificha, hata fundi bora atatibu ugonjwa usiokuwepo."

Nilimwendea Mama Mkubwa, nikapiga magoti, nikaomba msamaha kama nilivyofundishwa na kama nilivyotaka mwenyewe. Alinishika kichwa, akakigeuza upande wenye mwanga, akajaribu kunitazama.

"Hasira bado ninazo," akasema. "Zitakwisha zenyewe, usizisukume. Jumatatu nakwenda hospitali, na barabara ile ina mashimo. Wewe ndiye utakayenishika mkono, uniambie yalipo. Yote."

Jumatatu nilimshika mkono. Nilimwambia kila shimo, hata yale madogo.