Chai ya Ghorofa ya Mia na Nane

Lifti ilianza kulia kwamba imezidiwa. Ndani walikuwemo wanawake watatu tu, na lifti za Mnara wa Korongo hubeba watu ishirini bila kulalamika.

"Bibi Pang, umekula mikate mingapi asubuhi?" Meilan alimtania.

Bibi Pang hakucheka, na yule mama hucheka hata mazikoni. Alisogea pembeni kama anayempisha mtu, na lifti ikanyamaza.

Mimi simsemi mtu vibaya. Lakini Bibi Pang na Meilan mtaa wetu wote wa Pudong unawajua: kila asubuhi uwanjani, pepeo mkononi, wakicheza na kusengenya. Bibi Pang alikuwa na mtoto mmoja, Rukang, ambaye kwa maneno yake yuko Kanada. Meilan alikuwa na binti, Qinyu, huyo wa tatu kwenye lifti, miaka thelathini na mitatu, hana mume wala fununu ya mume. Siku hiyo Rukang eti amerudi, atawakuta juu, vijana waonane.

Juu hawakumkuta. Kulikuwa na ukungu kwenye vioo vyote na meza ya watu wanne mkahawani.

"Anakuja," alisema Bibi Pang. "Qinyu, nimiminie chai, mwanangu. Nipe kwa mikono miwili. Na leo usiniite Shangazi. Niite Mama, nisikie raha."

Qinyu alimtazama mama yake. Meilan akamkanyaga mguu chini ya meza: mpe, utani tu huo.

"Mama, karibu chai."

Bibi Pang aliinywa yote, ya moto vilevile, machozi yakimtiririka. Na kwetu bibi harusi huolewa kwa kumpa mama mkwe kikombe hicho na neno hilo, hakuna asiyejua. Ndipo ikaja harufu ya saruji mbichi, na kiti cha nne kikajivuta taratibu kumwelekea Qinyu, na kwenye kioo, upande wa nje, huko ambako hata ndege hafiki, ukungu ukafutika kwa umbo la kiganja, kisha cha pili, na Qinyu, ambaye mama yake hajawahi kumwona ameshikwa mkono na mwanamume, akakunja vidole vyake juu ya meza kana kwamba vimeshika vingine, akatabasamu.

"Pang," Meilan alinong'ona, "Rukang yuko wapi?"

"Si huyo hapo. Alikuwa dereva wa winchi, akaanguka wakijenga hapa. Miaka tisa analala peke yake, dada. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nyumbani Qinyu aliacha kula. Akaanza kumwita mama yake mzazi Shangazi. Siku ya sita, saa sita mchana, akaitwa Mzee Gong, mganga wa dini ya Kidao, akawasha ubani, akaagiza Bibi Pang aletwe. Majirani tukajaa mlangoni.

"Mzimu huyu hakuiba. Amepewa," alisema Mzee Gong. "Nani alitoa saa ya kuzaliwa ya huyu binti, hiyo iliyomfunga na marehemu? Aseme hapa, mbele yake, kwamba aliitoa na sasa anairudisha. Akidanganya, mimi nafunga mkoba wangu."

Sasa sikia. Meilan alikuwa amemwapia mwanawe, kwa kaburi la baba yake, kwamba hatamnadi kwenye bustani ile ambako wazazi hutundika karatasi za watoto wao kwenye miavuli wakitafuta wachumba. Na kila Jumapili alikuwa huko! Kaandika urefu, kazi, saa ya kuzaliwa mpaka dakika, na umri kaupunguza miaka miwili. Nakala alimpa Bibi Pang kwa mkono wake mwenyewe.

Qinyu aliinua uso. Sauti ilikuwa yake, ndogo, ya kuomba.

"Nani, Mama?"

Meilan alitutazama sisi mlangoni, akamtazama mwanawe.

"Pang," alisema. "Aliiba kwenye mkoba wangu."

Vijiti vyote vya ubani vilizimika kwa pamoja.

"Loo, Meilan," Bibi Pang alisema polepole. "Hata leo?"

Mzee Gong alifunga mkoba. Qinyu alisimama, akachukua koti, akangoja kidogo mlangoni kama anayemtanguliza mtu, na sisi majirani, bila kuambiwa, tukapisha.

"Mama, twende nyumbani," alisema.

Meilan akaitika. Qinyu alikuwa amemshika mkono Bibi Pang.