Ujumbe wa Kimeta Ambao Sikuusoma

Nina miaka arobaini na moja. Mimi ni muuguzi katika zahanati ndogo huko Tetu, ambako watu huniita daktari ingawa sijawahi kuwa daktari. Tangu tumzike Baba Njeri, sijaweza kumgusa mgonjwa mwingine...

Baba Njeri alikuwa mume wa dada yangu, Wanjiru. Mume wangu aliponiacha, shemeji huyu ndiye aliyekuja na msumeno na misumari akanitengenezea nyumba ikakalika. Kwangu alikuwa kama ndugu wa tumbo moja.

Simu yangu ilikuwa imenichosha, jamani! Nilikuwa katika makundi tisa ya kazi. Tahadhari ya kipindupindu kaunti ya mbali, tahadhari ya surua, mkutano umeahirishwa, fomu zijazwe upya... Ujumbe uleule ulifika mara nne kutoka kwa wakubwa wanne! Mwanzoni nilisoma yote. Baadaye nikawa nasoma mstari wa kwanza tu. Mwishowe nikazima mlio, nikawa nafungua ili ionekane nimeona. Nani hajafanya hivyo?

Jumanne moja asubuhi, foleni ikiwa imefika langoni, Baba Njeri aliingia akicheka.

"Daktari wetu, niko na kakidonda hapa. Hata haiumi! Ni dada yako amenisumbua ati nikuone."

Kilikuwa karibu na kiganja, cheusi katikati, kimevimba pembeni. Nikamwambia ni jipu. Nikampa krimu, nikamfunga bandeji, nikaita mwingine. Sikumuuliza hata swali moja!

Ijumaa mkono ulikuwa umefura hadi begani, na homa inamchoma. Tulimkimbiza hospitalini mjini Nyeri. Daktari alikitazama kile kidonda, akamuuliza Wanjiru kama kuna ng'ombe aliyekufa karibu na kwao. Wanjiru akasema ndiyo, wa jirani, alianguka ghafla, na Baba Njeri akasaidia kumchuna.

Kimeta, ule ugonjwa wa mifugo unaoua hata watu!

Daktari akanigeukia. "Sista, si tulitumiwa tahadhari? Nyinyi haikuwafikia?"

Wasomaji wenzangu, hapo ndipo nilipoangamia. Nilijibu kwamba haikutufikia, mtandao kwetu ni mbaya. Na Wanjiru, maskini, akanishika mkono, akaanza kunitetea! Akasema dada yake hulala na kuamka akiwafikiria wagonjwa.

Nikajifungia msalani, nikatafuta kwenye simu. Ujumbe ulikuwepo... Ulikuwa umeingia siku tano kabla ya ile Jumanne, chini ya tangazo la semina. Kidonda cheusi kisichouma, muulize mgonjwa kuhusu mifugo, anza dawa mara moja. Dawa yenyewe ilikuwa kabatini mwangu!

Nikaufuta.

Baba Njeri alikata roho Jumapili.

Siku ya tatu ya matanga, muuguzi mwenzangu Mercy alikuja kutoa pole. Bila kujua lolote, alisema mbele ya watu kwamba tangu ule ujumbe uingie kwenye kundi letu, yeye humuuliza kila mwenye kidonda kuhusu ng'ombe. Wanjiru aliweka chini kikombe cha chai. Akanifuata jikoni.

"Uliuona ujumbe?"

Nikageuka kuchochea moto.

"Kuchoka ningekusamehe," akasema polepole. "Najua vile unafanya kazi. Lakini uliacha nikutetee, na bwana yangu akiwa amelala hapo kitandani!"

Hajanisemesha tena. Njeri, binti yao niliyempokea kwa mikono hii alipozaliwa, akiniona barabarani hugeuka akarudi alikotoka. Nimeandika barua kwa wakubwa wangu nikieleza kila kitu. Sijui watanifanya nini... wala siogopi tena.

Wauguzi wenzangu, mkichoka semeni mmechoka, lakini msifungue ujumbe bila kuusoma! Nanyi mnaotutumia, tafadhali, msitupigie kelele kutwa nzima hata siku ya hatari yenyewe tusisikie. Na yeyote aliyekosa, akiri mapema. Baba Njeri alilala siku mbili akiwa na fahamu zake, akanishukuru mara kwa mara kwa kumleta hospitali. Siku mbili nzima ningeweza kumwomba msamaha... na mimi nikawa namwambia, "Usijali, shemeji."