Karatasi Niliyomsomea Mama

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kabla sijaenda shule, kazi yangu ilikuwa kuwasha jiko kwa samadi kavu, kuchemsha chai ya maziwa yenye chumvi, kisha kumsaidia bibi kugeuza nyama. Vipande virefu vya nyama ya ng'ombe vilining'inia kwenye kamba chini ya paa la hema letu la manyoya tangu Novemba hadi Machi, mpaka vikawa vikavu na vyepesi kama vijiti. Hapo bibi aliviweka juu ya jiwe akavitwanga kwa nyundo ya mbao hadi vikawa unga. Ng'ombe mzima anaingia katika mfuko mmoja wa turubai. Konzi moja ya unga huo katika maji ya moto inashibisha watu wanne.

Mwaka ule bibi alikausha ng'ombe mmoja tu, na unga wake wote ulikuwa wa baba. Baba alikuwa Korea akifanya kazi ya kuchomelea vyuma, na ilikuwa imepita miaka miwili na nusu bila kumwona. Sasa viza zetu zilikuwa zimetoka. Mama, Delgermaa, na mimi, Tselmeg, binti wa miaka kumi na miwili, tungemfuata mwezi wa nne. Bibi alitaka mwanawe anywe tena mchuzi wa nyumbani, na alituonya tusimwambie kitu kwenye simu, maana alitaka kumshtukiza.

Mama alijua kukamua, kushona na kupanda farasi asiyefugika, lakini Kikorea hakujua hata herufi moja. Mimi nilikuwa nimejifunza mwaka mzima kwa mwalimu mmoja wa shule yetu. Kila karatasi iliyotoka Korea ililetwa kwangu, na nyumba nzima ilinyamaza nikisoma. Mjomba Ganzorig, kaka yake mama aliyeishi nasi, alizoea kuniita Mheshimiwa Balozi. Sitaficha, kichwa kilinivimba.

Pamoja na viza, kampuni ya baba ilituma karatasi ya maelezo ya safari. Niliisoma jioni, bibi akiwa anashona mdomo wa mfuko wa unga. Nikafika mstari uliosema kwamba ni marufuku kuingiza nchini nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa au kusagwa. Nilielewa kila neno. Nilimtazama bibi, nikaitazama mikono yake iliyopasuka kwa baridi.

Nikasoma, "Ni marufuku kuingiza nyama mbichi."

"Mbichi tu?" mama aliuliza.

"Mbichi tu."

Mjomba Ganzorig alisema amesikia watu wa mjini wakilalamika kwamba kule wanapekua hadi soksi. Mama akaniuliza tena kama nina hakika, nami nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa, kwamba imeandikwa hapa, kama hamniamini someni wenyewe. Mjomba akacheka, akasema Mheshimiwa Balozi amekasirika. Mama hakuuliza tena. Nilijiambia kwamba unga si nyama hasa, kwamba hakuna atakayejua, na kwamba nimemwepusha bibi na uchungu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwa mimi ndiye wa kuileta habari mbaya katika hema lile.

Siku ya safari bibi alinusa paji la uso wangu kama ilivyo desturi yetu, akarusha maziwa kwa kijiko nyuma ya gari ili njia yetu iwe nyeupe na ya heri. Niligeuka mara moja tu. Alikuwa bado amesimama pale na ndoo.

Ndani ya ndege waligawa fomu za forodha, moja kwa kila familia. Zile za lugha yetu zilikuwa zimekwisha kabla hazijafika kiti chetu, tukapewa ya Kikorea. Lilikuwepo swali la nyama na vitu vya mifugo, na vijisanduku viwili pembeni, ndiyo na hapana. Mama aliniuliza wanataka kujua nini. Nikamwambia wanauliza kama tuna silaha, dawa za kulevya, na pesa nyingi kupita kiasi. Mama akacheka, akasema silaha yake ni sindano ya kushonea. Nikaweka alama kwenye hapana kila mahali, yeye akasaini taratibu, kwa mwandiko wake mzuri wa shule.

Kwenye dirisha la uhamiaji mambo yalikwenda vizuri. Mashine ilikataa alama za vidole vya mama mara tatu kwa sababu ngozi yake ilikuwa imechanika kwa kukamua kwenye baridi. Kijana wa dirishani alimpa kitambaa chenye unyevu na kuniambia mama akandamize kidole gumba. Nikatafsiri, mashine ikakubali, kijana akagonga mhuri. Wasafiri waliokuwa nyuma yetu walinitazama kwa kunistahi. Nilitembea kuelekea kwenye mizigo nikijiona mkubwa.

Mzigo wetu ulikuja ukiwa umefungwa kufuli ya njano. Mama alidhani wameufunga ili usiibwe, akafurahi. Tulipoukokota kuelekea mlangoni kufuli ile ilianza kulia kwa sauti kali, watu wote wakageuka, na ofisa mmoja mwenye miwani akatuonyesha meza ya pembeni. Mbwa mdogo mwenye masikio marefu alikuja akaunusa mzigo, akaketi kando yake kwa adabu kabisa. Ofisa akautoa mfuko wa turubai, akakata uzi wa bibi kwa mkasi, akachota unga kidogo kwa kijiko.

Akaitwa mkalimani, mwanamke wa kwetu aliyeitwa Sarangua. Alimsalimu mama kwa heshima, akasoma fomu yetu mara mbili, kisha akainua macho.

"Dada, hapa imeandikwa kwamba hamna nyama ya aina yoyote. Ofisa anauliza ni nani aliyejaza fomu hii."

Mama alinitazama. Hakuhitaji kuniuliza kitu. Nilimwona akielewa, akirudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kwenye fomu hadi kwenye ile karatasi ya kampuni, hadi jioni ile ya bibi na sindano.

"Sahihi ni yangu," mama alisema.

"Naiona. Lakini ulikijua ulichosaini?"

"Sahihi ni yangu, dada. Andika hivyo."

Nami nikanyamaza. Sasa mimi ni mtu mzima mwenye watoto, na bado ukimya ule unanisuta. Nilikuwa na maneno katika lugha mbili na sikutumia hata moja.

Sarangua alieleza kwamba kuleta nyama kuna adhabu, na kuandika uongo kuna adhabu kubwa zaidi. Ipo faini. Na kwa kuwa mama anaingia kwa mara ya kwanza kwa viza mpya, watu wa uhamiaji wataitwa waamue kama apokewe au arudishwe kwa ndege ileile. Wakati anasema hayo mlango wa kioo ulifunguka kuwapitisha wasafiri wengine, na kwa sekunde chache nikamwona baba. Alikuwa amekonda. Mkononi alishika koti jekundu la mtoto, la saizi niliyokuwa nikivaa alipoondoka. Alikuwa anachungulia kila uso unaotoka. Mlango ukajifunga.

Mama aliinama, akanifunga kifungo cha shingoni kama mtoto mdogo.

"Wakinirudisha, wewe toka uende kwa baba yako," alisema polepole. "Usilie mbele yake. Amengoja sana."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Sikumngoja Sarangua. Nilimgeukia ofisa nikasema kwa Kikorea changu cha shule kwamba mama hajui kusoma lugha yao, kwamba mimi ndiye niliyeijaza fomu, kwamba nilijua nyama imekatazwa hata ikikaushwa na nikamwambia mama inaruhusiwa. Nilisema nimemdanganya mara mbili, nyumbani na angani. Nikaomba wanirudishe mimi.

Ofisa alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaenda kuzungumza na wenzake. Tulikaa kwenye viti vya plastiki karibu saa nzima. Mama hakunigombeza. Alikuwa ameshika ule uzi uliokatwa, akiuzungusha kidoleni.

Walipotuita, Sarangua alitueleza uamuzi. Mama ataingia. Faini imepunguzwa lakini ipo, na jina la mama litabaki kwenye kumbukumbu zao, hivyo kila atakaposafiri mizigo yake itafunguliwa. Unga ungechomwa moto siku hiyohiyo. Ofisa aliongeza jambo moja, na Sarangua alilitafsiri huku akinitazama mimi. Kama tungeweka alama kwenye ndiyo, wangeuchukua ule mfuko tu, na tungepita bila faini wala aibu.

Tuliutazama mfuko wa bibi ukimiminwa kwenye pipa la buluu. Harufu ya nyumbani ilijaa pale mezani, halafu wakafunga kifuniko.

Baba alitukumbatia wote wawili kwa pamoja. Mikono ya lile koti ilinifika viwikoni, akacheka huku machozi yakimtoka, akauliza ni nani aliyeniruhusu kukua. Kisha akauliza mbona tumechelewa vile. Mama alimjibu kwamba Tselmeg atamweleza mwenyewe. Nikamweleza kwenye basi, nikitazama magoti yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Faini ilikula mshahara wake wa mwezi mzima, lakini hakulitaja hilo. Alisema tu kwamba bibi naye ataisikia habari hii kutoka kinywani mwangu.

Jumapili tukampigia. Kabla sijasema lolote bibi aliuliza kwa furaha kama baba ameunywa mchuzi, na kama aliutambua mkono wa mama yake. Nikamwambia. Nilimsikia akiiweka simu chini. Baadaye mjomba Ganzorig alichukua simu na kunieleza, bila utani safari hii, kwamba theluji ilirudi baada ya sisi kuondoka na mifugo mingi imekufa. Wao wawili walikuwa wanakula mkate na chai. Unga ule ungewavusha hadi nyasi ziote. Bibi alimnyang'anya simu, akaniuliza kama nimekula leo. Nilisema nimekula. Alisema vizuri.

Mama hakunipiga wala kunipigia kelele. Alichofanya ni kuacha kunipa karatasi. Zilikuja nyingi, za umeme, za nyumba, za hospitali, naye alizikunja na kupanda nazo ghorofa ya tatu kwa jirani yetu Otgoo, mama mmoja wa kwetu aliyekaa Korea miaka mingi. Mimi nilikuwa nimeketi palepale mezani na kamusi yangu. Mara moja nilimwambia naweza kumsomea. Alinijibu kwa upole kwamba asingependa kunisumbua. Heri angenichapa.

Ilipita miezi miwili hivyo. Siku moja ikaja barua kutoka shuleni, inayotakiwa kurudishwa kesho yake na sahihi ya mzazi. Otgoo alikuwa ameingia kazini na baba alikuwa kiwandani. Mama aliizungusha ile bahasha mezani, akapanda ghorofani, akashuka, akakaa. Mwishowe akanisogezea.

Niliisoma kwanza kimya, masikio yakanichoma. Walisema lugha yangu haijatosha. Kuanzia Jumatatu nitashushwa kutoka darasa la sita hadi la nne, nikae na watoto wa miaka kumi, mpaka nitakapofaulu mtihani. Walisema pia kwamba nimekuwa nikinakili kazi za jirani yangu darasani. Ilikuwa kweli. Nilijua kabisa kwamba naweza kumwambia mama ni barua ya safari ya kutembelea makumbusho, naye angesaini.

Nikamsomea neno kwa neno, kwa lugha yetu, nikisimama kila nukta. Hata nilipofika pale pa kunakili sikuruka neno.

"Ndivyo ilivyoandikwa?" mama aliuliza.

"Ndivyo."

"Hukupunguza kitu?"

"Sikupunguza, mama. Wala sikuongeza."

"Habari yenyewe ni mbaya," alisema, "na la kunakili tutalizungumza baba yako akirudi. Lakini nisikilize, binti yangu. Nyama haikuniuma. Faini haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kusimama mbele ya wale watu bila kujua mkono wangu umeandika nini. Mimi katika nchi hii sina macho, nimeazima yako. Unaposoma, nisomee kilichopo, kiwe kitamu au kichungu. Kichungu nitajua namna ya kukibeba. Uongo siwezi kuubeba, kwa sababu hata sijui kwamba nimebebeshwa."

Nililia, na safari hii hakunikataza. Aliniacha mpaka nikamaliza. Halafu akachukua kalamu, akauliza ni wapi anapotakiwa kusaini. Nikamwonyesha kwa kidole, naye akasaini palepale, bila kumngoja baba.