Pikipiki Ndefu ya Nusrat

Kila asubuhi, majirani wa mtaa wa Igogo walipata kicheko cha bure. Ulikuwa wakati wa nesi Nusrat kupanda pikipiki yake.

Nusrat ni mfupi. Pikipiki ilikuwa ndefu. Ilikuwa ile ya njia mbaya, yenye tairi kubwa mbele na madigadi yaliyokaa juu. Nusrat alisimama kwanza juu ya jiwe la mlangoni, ndipo akapanda. Akiwa juu, alifika chini kwa ncha ya mguu mmoja tu.

"Nesi, tukuletee ngazi?" vijana walimtania.

"Leteni, na mnishikie!" aliwajibu, kisha huyo, ameondoka. Alikuwa anapeleka chanjo za watoto vijiji vya milimani, nyuma ya Bujora.

Mumewe, Farouk, hakucheka hata siku moja. Alimpenda mkewe, na hofu ilimla. "Miguu haifiki chini," alijiambia. "Iko siku ataanguka."

Farouk ni seremala. Na seremala, jamani, ana dawa moja kwa kila kitu kirefu: msumeno. Meza imezidi? Kata. Stuli inacheza? Punguza mguu.

Basi Jumapili moja Nusrat alikwenda kwa mama yake Ilemela. Farouk akaingia kazini. Alichana kiti cha pikipiki, akapunguza sponji. Akafungua shokapu ya nyuma, ile springi inayobonyea, akafunga fupi ya pikipiki nyingine. Mbele nako akashusha. Sasa stendi ikawa ndefu mno. Akaikata.

Nusrat aliporudi, alikaa juu ya pikipiki na miguu yote miwili ikakanyaga chini.

"Umeniweza, mume wangu!" alisema kwa furaha.

Furaha hiyo haikumaliza hata siku ya pili. Kwenye mlima wa mawe, tumbo la pikipiki liligonga jiwe. Gaa! Pikipiki ikasimama, Nusrat akarushwa kando. Goti lilichubuka. Kisanduku cha chanjo kilifunguka, chanjo zikamwagika juani. Oili ilivuja chini ya injini. Lori la nyanya ndilo lililomrudisha mjini, yeye na pikipiki yake.

Jioni, simu iliita. Alikuwa mzee Mihayo, mwenyekiti wa kitongoji kimoja cha huko milimani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, nesi. Akina mama wamekaa juani na watoto mpaka saa nane. Wameondoka na hasira. Wanasema wiki ijayo hawaji. Na surua imeshaanza ng'ambo ya mlima."

Nusrat alikata simu akalia. Hakulilia goti.

"Kuna mtoto wa Rebeka, mmoja wa akina mama hao," alisema. "Hajapata hata chanjo moja. Surua ikimkuta, Farouk, nitasema nini?"

"Nilitaka usianguke," Farouk alisema.

Asubuhi walimwita jirani yao, Mama Kushal. Jina lake ni Aarti, naye anauza vipuri vya pikipiki tangu enzi za baba yake. Alikuja na miwani puani. Akainama, akatazama, akashika stendi.

"Nani kaikata hii?"

"Mimi, mama," alisema Farouk.

"Kwa msumeno?"

"Kwa msumeno."

"Haya! Bahati yake haukufika kwenye tairi." Kisha akacheka, na Farouk akapumua. "Njoo hapa, baba. Hujafanya kwa ubaya. Lakini hujauliza kwa nini ni ndefu."

Akaweka kiganja chake chini ya injini. "Hapa palikuwa na nafasi. Jiwe lilipita bila kugusa. Na shokapu ile ndefu ilikuwa na kazi yake. Gurudumu linapanda jiwe, shokapu inabonyea, mtu juu anabaki salama. Wewe umeondoa nafasi, umeondoa na kubonyea."

"Na hili tairi kubwa la mbele?" Nusrat aliuliza.

"Linapita juu ya shimo. Dogo lingezama humo. Madigadi yako juu ili tope lisikwame. Ekzosi imepanda ili isigonge mawe. Injini ni ya pistoni moja tu, kwa hiyo ni nyembamba na nyepesi. Inavuta mlimani hata ukienda polepole. Ikilala, unaweza kuinyanyua mwenyewe."

"Lakini miguu yake haifiki!" Farouk alisema kwa uchungu.

"Nani kakwambia pikipiki inashikwa na miguu? Itengenezeni kwanza, halafu twende mchangani."

Shokapu ya zamani ilikuwa bado karakanani kwa Farouk. Fundi wa pikipiki, Chenge, aliirudisha, akarudisha mbele kama palivyokuwa, akaziba ufa wa injini na kuchomea stendi. Farouk alijaza sponji ya kiti yeye mwenyewe. Mama Kushal aliagiza mambo mawili tu.

"Springi hii ilikazwa kwa mtu mzito. Ilegeze kidogo, Chenge. Akikaa itashuka kiasi chake. Na wewe Nusrat, acha hizo sandali. Vaa buti zenye soli nene."

Wakaenda ufukweni mwa ziwa. Farouk, mrefu wa watu, alitaka kuanza. Alikaa, akatandaza miguu yote chini, akawa anajisukuma kama mtoto anayejifunza baiskeli. Tairi la mbele lilizama mchangani. Puu! Mzima mzima.

Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa walicheka mpaka wakashikana.

"Miguu imefika chini, sivyo?" aliuliza Mama Kushal.

"Imefika, mama," Farouk alijibu, akitema mchanga. "Na mimi nimefika."

Zamu ya Nusrat. "Ukisimama, sogeza kiuno upande mmoja," Mama Kushal alimwelekeza. "Mguu mmoja ukikanyaga vizuri, unatosha. Ukiondoka, simama juu ya vikanyagio. Bana tangi kwa magoti. Usitazame tairi, tazama unakokwenda. Na usipunguze mafuta katikati ya mchanga."

Nusrat alifunga helmeti juu ya hijabu yake. Aliondoka, akasimama. Pikipiki ilicheza chini yake huku na huku, yeye juu ametulia. Alivuka mchanga wote, akageuka, akarudi.

Farouk alitazama. Siku zote alikuwa anaangalia miguu ya mkewe. Leo aliyaona macho yake.

Siku ya chanjo ilipofika, Nusrat aliondoka mapema. Farouk hakuweza kufanya kazi. Alipiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba kama chapati. Alasiri akasikia mlio wa injini. Nusrat alikuja amejaa tope mpaka shingoni.

"Hujaumia?"

"Sijaumia."

"Walikuja?"

"Hawakuja." Nusrat alivua helmeti. "Nikawafuata. Nyumba kwa nyumba, huko huko majabalini."

"Na mtoto wa Rebeka?"

"Nimemchoma sindano. Amelia huyo, mlima mzima umemsikia!"

Farouk alitaka kucheka. Machozi yakamtangulia.