Taa za Breki za Seremala

Seremala alikuwa na pikapu kuukuu. Kila asubuhi alipakia milango, meza au vitanda, akavifunga kwa kamba na kuwapelekea wateja. Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na kutoka pale aliliona gari likitoka na kurudi.

Siku moja mkewe alimwambia kwamba taa za nyuma haziwaki anapokanyaga breki. Seremala akanunua balbu mbili mpya, akazifunga mwenyewe. Taa hazikuwaka. Mkewe akamsihi aende kwa jirani yao, mama mmoja fundi umeme wa magari. Seremala akajibu kwamba breki zenyewe zinashika vizuri, na taa ni pambo tu. Ataenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki nyingine.

Kaka mkubwa wa seremala alikuwa fundi wa kuezeka. Hakuna aliyetembea juu ya paa kwa wepesi kama yeye. Watu walimtania kwamba paka wa mtaani walijifunza kwake. Asubuhi moja ndugu hao wawili walikwenda kwenye nyumba moja mpya. Seremala alitangulia na milango, kaka akafuata kwa pikipiki.

Njiani mbuzi alikatiza barabara. Seremala alikanyaga breki kwa nguvu. Nyuma yake akasikia kishindo.

Mguu wa kaka ulivunjika mara mbili. Hospitalini hakumlaumu mtu. Alisema neno moja tu:

"Nilikuwa natazama taa zako, mdogo wangu. Hazikuwaka."

Kesho yake seremala alikwenda kwa jirani. Fundi alimwambia akae ndani ya gari akanyage breki, naye akasimama nyuma. Giza. Akasema kwamba balbu mbili hazifi pamoja kama wapenzi. Zote zikizima, tafuta kwanza kitu kinachozilisha zote mbili. Akafungua kisanduku cha fyuzi. Akamwonyesha kwamba fyuzi iliyoungua uzi wake wa ndani hukatika. Hiyo ilikuwa nzima.

Kisha akainama na tochi, akaonyesha kitu kidogo juu ya pedali.

"Hii ndiyo swichi ya breki. Ukikanyaga, inaunganisha umeme, taa zinawaka. Ukiachia, inakata. Ni kama swichi ya ukutani kwako."

Alichomoa nyaya mbili za swichi, akaziunganisha kwa kipande kifupi cha waya. Taa za nyuma zikawaka, nyekundu kabisa.

"Umeme unafika," akasema fundi. "Iliyokufa ni swichi."

Akafunga swichi mpya. Chai aliyomiminiwa seremala alipofika ilikuwa bado ya moto.

"Ni hii tu?" seremala akauliza.

"Ni hii tu, shemeji."

Seremala alikaa kwenye kiti cha dereva, akashindwa kushuka.

Tangu siku hiyo haondoki kabla ya kukagua. Mkewe huacha cherehani na kusimama nyuma ya gari. Seremala huwasha taa kubwa, taa za kuonyesha kona, kisha hukanyaga breki. Mwezi uliopita taa za kona ziligoma. Alikuta fyuzi imeungua, akaweka nyingine yenye namba ile ile. Rafiki mmoja alimshauri aunge kwa waya ili aokoe muda. Alikataa. Fundi alikwishamweleza kwamba waya haukatiki umeme ukizidi. Huwaka, na gari nalo huwaka.

Kaka anatembea kwa fimbo. Ngazi hapandi tena. Sasa anapiga msasa kwenye karakana ya mdogo wake.

Juzi mafundi walikuwa wanaezeka nyumba ya ng'ambo ya barabara. Kaka aliwatazama kwa muda mrefu.

"Bati la tatu limepinda," akasema polepole.

Kule juu hakuna aliyemsikia. Seremala alimsikia. Aliweka randa chini.