Kompyuta ya Stoo

Haya yalimkuta rafiki yangu Agripina, karani wa parokia moja huku Bugarama. Windows ya kompyuta yao ya zamani ilipoacha kupata masasisho, paroko aliogopa wezi wa mitandaoni, maana majina ya wabatizwa wote yalikuwa humo. Akaagiza ifungiwe stoo, na ufunguo akae nao Agripina peke yake.

Miezi mitano baadaye, mchana wa mvua kubwa, Agripina alikwenda kuitoa ili fundi Modestus aje kuhamisha yale majina. Umeme ulikuwa umekatika na korido ilikuwa giza. Alipoukaribia mlango, akasikia mtu anachapa ndani. Tak, tak, tak. Kimya. Tak, tak.

Akamshuku Modestus, kwamba amejichongea ufunguo wake. Akampigia simu kwa sauti ya chini.

“Uko wapi wewe?”

“Shikamoo mama. Basi ndiyo kwanza linatoka Nyakanazi.”

Mle ndani uchapaji ukakoma palepale.

Agripina alisubiri mtu atoke. Hakutoka mtu. Akafungua, akamulika kila pembe kwa simu. Dirisha lilikuwa na nondo zake zote, na vumbi la sakafuni halikuwa na alama ya mguu. Kompyuta ilikaa alipoiacha, waya wake wa umeme umeviringwa juu yake. Kibodi nayo ilikuwa imefunikwa na vumbi, isipokuwa vitufe vitano.

Akavigusa kimoja kimoja. Vyote vilikuwa na joto.