Malkia Aliyekula Mayai Yake

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Kitinda alivuta droo ya chini ya kabati na kufunua kitambaa cheusi. Nyumbani walimwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Ndani ya droo kulikuwa na kichupa chembamba cha kioo. Upande mmoja kilikuwa na maji yaliyozibwa kwa pamba. Upande mkavu alikaa malkia wa sisimizi, mweusi, mkubwa kama punje ya mchele, na mayai yake kumi na mawili.

Malkia alikuwa wa Dada, aliyemwokota ukutani baada ya mvua, siku chache kabla ya kulazwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa mguu.

"Nakuachia mgeni wangu," Dada alimwambia akifunga begi. "Hali kitu mpaka wanawe wa kwanza watoke. Mtazame mara moja tu kwa wiki. Umesikia?"

"Nimesikia, Dada."

Kusikia ni kitu kimoja, kutii ni kingine. Kitinda alichungulia asubuhi, mchana na jioni. Alimmulika malkia kwa tochi. Alitikisa kichupa ili ajue kama yu hai. Siku moja akakuta mayai tisa, kesho yake matano. Siku iliyofuata alimwona malkia ameshika yai kwa taya, akilitafuna polepole. Kitinda alisisimka mwili mzima. Hatimaye halikubaki hata moja.

Jioni ile Dada alipiga simu. "Mayai mangapi leo?"

"Kumi... kumi na manne."

Uongo huzaa uongo. Juma lililofuata Kitinda alisema mabuu yametoka, kisha kwamba yamenenepa. Dada alimsimulia nesi wa wodi, naye nesi akawa anakuja kila siku kuulizia habari za malkia.

Kitinda aliifunga droo, asiifungue tena. Lakini malkia hakumwacha. Darasani alihisi miguu midogo ikimtembea shingoni. Akijipiga kofi, hakuna kitu. Chumbani, kitanda cha Dada kilikuwa kimetandikwa bila mkunjo, na ule ukimya ulimfanya asikie kitu kikikwaruza kabatini. Akahamishia vitabu vyake sebuleni.

Wiki ya nne Mama, aliyekuwa akimuuguza Dada, alipiga simu. Kidonda kilikuwa kimevimba. Hawangerudi upesi.

Kitinda alikimbia hadi kwenye kibanda cha Baba, aliyekuwa fundi saa. Alimkuta ameinamia meza, lenzi jichoni.

"Baba, nimemuua Dada!"

Kibano kilimdondoka Baba. "Unasema nini, mwanangu?"

Maneno yalimtoka pamoja na machozi: tochi, mayai, uongo wa kila jioni. "Nilimtesa malkia wake, nikamdanganya. Sasa mguu wake unavimba!"

Baba alifunga kibanda, akamshika mkono, wakaenda nyumbani. Alivuta droo mwenyewe. Kitinda alifumba macho.

"Hebu tazama."

Malkia alikuwa hai. Alikuwa amelalia lundo jipya la mayai, na pembeni yake mabuu meupe manene. Malkia wa sisimizi akisumbuliwa hula mayai yake; wiki tatu za giza na utulivu zilimtosha.

"Kumbe hofu yako imemlea kuliko mapenzi yako," Baba alisema, akamkabidhi simu. "Haya, mwambie Dada yako."

Dada alisikiliza hadi mwisho. "Yaani wiki zote hizi nimekuwa nikimdanganya nesi wa watu?"

"Nisamehe, Dada."

"Nimekasirika, nisikufiche." Akavuta pumzi. "Sasa niambie ukweli. Mayai ni mangapi?"

"Sijui. Tumeshafunika. Sikuhesabu."

Kwa mara ya kwanza tangu alazwe, Dada alicheka.

Uvimbe ulitibiwa ukaisha. Dada alirudi na Mama, akitembea kwa magongo, siku mbili baada ya sisimizi watano wa kwanza kutoka. Wote wanne walikaa sakafuni kuwatazama wakilamba tone la maji ya sukari.

"Mguu haukuvimba kwa sababu yako," Baba alimwambia Kitinda. "Kilichokusumbua ni uongo, maana uongo hauna mlinzi ila mwongo mwenyewe, naye hapati usingizi. Ukikosea, sema mapema, kosa lingali dogo. Na kiumbe hai, mwanangu, ukikipenda, kipe nafasi ya kukua."